Tanga hadi Kilifi, na kontroli ya mashine karibu na kana

Jumamosi, Tanga

Chombo tunachokipeleka Kilifi ni boti ndogo ya tanga, ya faiba, futi 23, mlingoti mmoja, haina injini ndani. Mashine yake ni ya kupachika: hospawa 8, fostroki, shafti ndefu, imefungwa kwenye breketi ya tezi (nyuma kabisa ya chombo), kushoto kwa usukani, ambao mkono wake wa kugeuzia ndio kana. Mwenye chombo ni mwalimu wa Kilifi, amekinunua hapa Tanga, na kabla hakijatoka aliomba jambo moja tu kwenye simu: "Fundi, nataka niendeshe mashine nikiwa nimekaa, mkono mmoja uko kwenye kana. Sitaki kuinama nyuma."

Ombi hilo naliheshimu sana. Katika boti za namna hii, gia na mafuta (kile kishikizo cha kuongeza na kupunguza kasi) viko kwenye mashine yenyewe. Ukitaka kutia rivasi unaacha kana, unapiga magoti kwenye benchi la nyuma, unainama juu ya tezi mpaka kifua kinatoka nje ya chombo, ndipo unapapasa gia. Macho yanatazama maji ya nyuma, na kile unachokikwepa kiko mbele. Mawimbi yakikutikisa hapo, unaangukia upande ule ule iliko rafadha, pangaboi linalokisukuma chombo.

Mashine hizi hazikuwa na kosa zilipoanza. Ole Evinrude alipoanza kuuza yake kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, alikuwa anawafikiria watu wa boti za makasia. Mtu anakaa nyuma kabisa, tezi ni fupi, mkono wa mashine unamfikia ubavuni, na mashine hiyo hiyo ndiyo usukani wake. Boti ya tanga ina tezi ndefu, ina usukani katikati, na mashine inashushwa chini sana ili rafadha izame vizuri. Mkono unakuwa mbali, tena chini.

Basi leo kutwa tumefunga kontroli. Ni boksi dogo lenye mkono mmoja, linalokaa ukutani upande wa kulia, chini kidogo ya benchi la nahodha. Ndani yake mna vishikizo viwili, na kila kimoja kinavuta kebo yake: moja ya gia, moja ya mafuta. Ukisukuma mkono mbele, hatua ya kwanza inaingiza gia peke yake. Ukiendelea kusukuma, gia haisogei tena, inayosogea ni mafuta. Kurudi nyuma ni hivyo hivyo kwa rivasi. Kwa hiyo mtu hawezi kuingiza gia mafuta yakiwa yamefunguka, jambo ambalo huzila meno gia za chini. Asubuhi, mashine ikiwa baridi na inahitaji kuongezewa mafuta bila kwenda popote, kuna kitufe cha kubonyeza kwenye mhimili wa mkono. Kinaiachia gia ibaki nyutro.

Kazi yote iko kwenye kebo. Waya wa chuma unateleza ndani ya mpira mgumu, mwendo wake wote ni inchi 3 hivi, na katika inchi hizo umo usalama wa chombo kizima. Kebo inataka kukunjwa kwa upole. Duara la kona lisipungue sentimita 20 kutoka katikati hadi ukingoni, na kona zenyewe ziwe chache kadiri inavyowezekana. Fundi aliyekitengeneza chombo hiki zamani, kwa mwenye wake wa kwanza, aliwahi kupitisha kebo kwenye pembe ya sanduku la benchi, kona kali kabisa. Tulipozitoa tulikuta moja haisogei hata kwa plaisi. Kebo ikifikia hapo usihangaike kuimiminia oili. Chumvi imeshaingia na kutu imeshika ndani. Inabadilishwa.

Kupima urefu wa kebo mpya kuna kanuni yake: unafuata njia itakayopita, kutoka kwenye kontroli hadi pale inapoingilia mashine, halafu kwa mashine za nje unaongeza futi 4 za kitanzi. Njia yetu ni futi 6, kwa hiyo tumenunua za futi 10. Mjomba, ambaye ndiye nahodha wa safari hii na amezeekea kwenye mashua za Pangani, alizitazama zilivyozidi nyuma ya tezi akauliza, "Mwanangu, kamba yote hii ya nini?" Nikamwambia kesho ataona.

Jumapili, Tanga

Kesho yenyewe ndiyo leo. Kabla ya kukaza klipu hata moja tuliiinua mashine mpaka juu kabisa, kama inavyokaa chombo kinapokwenda kwa tanga. Kisha tukaigeuza kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, ikiwa juu na ikiwa chini. Kile kitanzi kilichoonekana kimezidi kilinyooka karibu chote. Mjomba akatikisa kichwa, akasema, "Ingekuwa fupi ingekatika siku ya kwanza."

Kurekebisha gia: mkono wa kontroli nyutro, gia ya mashine nyutro (unaizungusha rafadha kwa mkono, inapita bila kushika), halafu unazungusha kichwa cha kebo mpaka tundu lake linaangukia kwenye pini lenyewe. Ukilazimika kuvuta au kusukuma hata kidogo, bado. Mafuta nayo yafungwe kabisa mkono unaporudi nyutro, la sivyo gia itaingia kwa kishindo.

Tulizunguka bandarini hadi karibu na kisiwa cha Ulenge. Mbele, nyutro, rivasi. Loki ya rivasi inashika, mashine haijiinui. Mjomba hakusimama hata mara moja kutoka alipokaa.

Jumatatu, Tanga hadi Wasini

Karatasi za kutoka nchini tulizimaliza mapema, tukang'oa nanga maji yakianza kupwa ili mkondo ututoe nje ya ghuba. Umande, upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, ulikuwa umekufa, na kusi, upepo wa msimu huu, bado halijaamka. Tukaenda kwa mashine hadi tulipoipita Ulenge, nusu mafuta, noti 4 na ushei (maili za baharini kwa saa). Kwa mwendo huo inakula kama lita 2 kwa saa, na tangi letu ni la lita 12.

Kusi la mwanzo wa Septemba ni la kiungwana. Limeshapungua ukali wa Juni na Julai, lakini bado linatoka kusini mashariki kila siku, na mkondo wa pwani unakwenda kaskazini mwaka mzima. Chombo kidogo kinachopandisha kutoka Tanga kwenda Kilifi hakiwezi kuomba zaidi ya hayo. Kufika saa nne tulikuwa tumetweka matanga yote mawili, mashine imeinuliwa, Moa iko kushoto kwetu na milima ya Usambara inafifia nyuma.

Nataka niandike zaidi kuhusu saa za mchana, kwa sababu hapo ndipo niliiona faida waziwazi. Karibu na mpaka upepo ulilegea, tukateremsha mashine kusaidia tanga. Mawimbi yalikuwa yanatujia nyuma, kulia. Kila wimbi kubwa likipita chini ya tezi, nyuma inanyanyuka, rafadha inachungulia nje ya maji, na mashine inapiga ukelele maana haina kitu cha kusukuma. Hali hiyo ikiendelea inaumiza mashine: inazunguka kupita kiasi, na tundu la kunyonyea maji ya kupozea linavuta hewa. Dawa ni kupunguza mafuta kabla wimbi halijafika na kuyarudisha likishapita. Sasa mtu ambaye kontroli yake iko nyuma ya tezi hawezi kufanya hivyo mara kwa mara. Ataiacha ipige kelele, au ataipunguza moja kwa moja na chombo kiyumbe bila nguvu. Mjomba alikaa, kana mkono wa kushoto, mkono wa kulia juu ya kontroli, anatazama wimbi kwa jicho la pembeni na kurudisha mkono kidogo, kisha anausogeza tena mbele. Baada ya muda hakuwa anaangalia tena, anasikiliza tu. Shafti ya inchi 25 ingezama zaidi kuliko hii yetu ya inchi 20, na ningependa mwenye chombo aifikirie siku akibadilisha mashine, lakini kwa mkono ulio karibu hata hii ilitosha.

Tuliingia mkondo wa Wasini jioni, kati ya kisiwa na Shimoni. Maji pale yanakimbia, hasa yakiwa katikati ya kupwa au kujaa, na boti za watalii zinazorudi kutoka Kisite zinapita kila upande. Mashua moja ilituchomokea kutoka nyuma ya nyingine. Mjomba alivuta mkono nyutro, akahesabu moyoni, akatia rivasi, chombo kikasimama. Hakuinuka. Kana haikumtoka.

Jumanne, Shimoni na Wasini

Siku ya uhamiaji na forodha. Tulivuka Shimoni asubuhi, tukasubiri, tukagongewa mihuri.

Kabla ya kuvuka nilikuwa nimefanya kipimo cha kila asubuhi: kuwasha mashine, kuiacha ipate moto, kisha kuvuta ile kamba nyekundu ya kuzimia. Kamba hiyo mtu anaifunga mkononi ili akianguka majini mashine ife. Kontroli ikihamia mbele, swichi ya kamba nayo sharti ihamie mbele, la sivyo nahodha hana namna ya kujifunga. Tuliihamisha, na Tanga ilifanya kazi. Leo nimevuta kamba, mashine ikaendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea.

Watu wengi wa boti hawajui kwamba katika mashine nyingi ndogo kamba ile haikati umeme. Inafanya kinyume: ikichomoka, swichi inaunganisha waya wa moto na bodi ya mashine, cheche zinapotea, mashine inakufa. Maana yake waya ule ukikatika au ukiliwa na chumvi, hutaona dalili yoyote. Mashine itawaka vizuri, itakwenda vizuri, na siku utakapoanguka itakuacha baharini ikaondoka. Niliizima kwa kuvuta choki, nikafungua kifuniko. Kiunganishi cha zamani, ndani kabisa, kilikuwa kimegeuka kijani. Nilikikata, nikasafisha nyuzi mpaka zikang'aa, nikalehemu, nikafunika kwa mpira wa kubana kwa moto. Nikajaribu tena na tena, ikawa inakufa papo hapo.

Kijana mmoja wa Wasini anayepeleka wageni Mpunguti alikuja ubavuni na boti yake wakati nafanya kazi. Aliitazama kontroli kwa makini kabisa, akasema:

"Kaka, samahani nikuulize. Mimi mkono wangu uko juu ya mashine yenyewe. Hakuna kebo ya kukatika. Nyinyi mmejiongezea kitu cha kuharibika."

Swali la haki, na nililijibu kwa uzito wake. Kwa boti yake yuko sawa: tezi yake ni fupi, hana usukani mwingine, mashine ndiyo inayogeuza. Kumwekea yeye kebo ni kumpotezea pesa. Hiki chetu kina kana, kina kamba za tanga, na mtu mmoja wakati mwingine atakuwa peke yake. Kuhusu kebo kukatika, nilimfungulia kifuniko nikamwonyesha: pini hii ukiichomoa, kishikizo cha gia kiko hapa, unakisukuma kwa kidole, na mafuta unayafungua hapa. Kila anayesafiri na kebo ajue kufanya hivyo gizani. Akauliza, "Na ile kamba nyekundu?" Nikamwambia aende akavute ya kwake sasa hivi. Alivuta. Yake ilizima. Akacheka kwa furaha, akaahidi kuwaambia wenzake wavute za kwao.

Jumatano, Wasini hadi Mtwapa

Siku ndefu kuliko zote. Tulitoka alfajiri maji yamesimama, tukaenda nje ya mwamba, Funzi ikapita, kisiwa cha Chale kikapita, Diani ikawa mstari mweupe wa mchanga. Upepo ulikuwa mzuri, mkondo unatusukuma, mashine juu.

Mchana upepo ulipinda, ukatulazimisha kubisha (kwenda mshazari dhidi ya upepo) mara kadhaa tusisogee sana kwenye mwamba. Mbele yetu ilikuwa njia ya meli zinazoingia Kilindini, na meli ya makontena ilikuwa imeshaelekeza omo (mbele yake) ndani. Mjomba akasema tusicheze na ile, tuwashe mashine tupite haraka. Niliteremsha mashine, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Betri ilikuwa nzima, taa ya dira inawaka. Akainama kidogo akatazama chini: kamba ya tanga la mbele, wakati wa kubisha, ilikuwa imejizungusha kwenye mkono wa kontroli na kuuvuta hadi gia ya mbele. Swichi ya nyutro ilikuwa inafanya kazi yake, inakataa kuwasha mashine ikiwa na gia. Aliitoa kamba, akarudisha mkono nyutro, ikawaka. Tukapita nyuma ya meli kwa nafasi ya kutosha.

Kama mashine ingekuwa inazunguka wakati kamba inavuta, lingekuwa jambo jingine kabisa. Kwenye boti za mashine tupu hakuna kamba zinazoruka huku na huku, kwa hiyo watengenezaji wa kontroli hawalifikirii sana hili. Kwenye boti ya tanga ni lazima ulifikirie wewe. Jioni, tulipotia nanga ndani ya Mtwapa, nilikata vipande viwili vya mti vilivyokuwa sandukuni, nikavifunga mbele na nyuma ya kontroli, vimechongoka juu na kuteremka taratibu pande zote mbili. Kamba ikija inapanda mti na kuteleza kwenda zake. Mjomba aliirusha makusudi mara nyingi. Haikushika hata mara moja.

Alhamisi, Mtwapa

Mvua. Tulijaza mafuta, tukalala. Mjomba alikwenda Jumba la Mtwana kutazama magofu, akarudi na madafu.

Ijumaa, Mtwapa hadi Kilifi

Njia fupi, saa chache za kusi safi. Mchana tuliuona mlango wa Kilifi, tukatua matanga nje, tukaingia kwa mashine, Mnarani juu ya mwamba upande wa kushoto na daraja mbele yetu. Mwenye chombo alikuwa anatungoja ufukweni. Alipanda kutoka kwenye mtumbwi kabla hatujafika kwenye boya, akamwamkia mjomba shikamoo, akaomba aendeshe yeye.

Hapa kuna jambo alilopaswa kulijua mapema. Katika boti yenye injini ndani, rafadha iko mbele ya usukani, kwa hiyo ukitia mafuta kidogo maji yanaupiga usukani na chombo kinageuka hata kikiwa kimesimama. Yetu iko pembeni na nyuma ya usukani. Maji yake hayaupigi. Chombo kikipoteza mwendo, kana haina maana. Mwalimu alilikaribia boya polepole, kwa adabu, upepo ukamshika omo, akageuza kana, chombo kikakataa.

"Dada, ongeza mafuta kidogo, upate mwendo kwanza," nikamwambia. Aliongeza, usukani ukashika, akazunguka, akaja tena kwa kasi kidogo zaidi, nyutro mapema, rivasi mwishoni. Boya likaja chini ya omo, mjomba akalidaka.

Kwa kona za ndani ya ghuba nimemfungia fito la alumini linalounganisha kichwa cha usukani na mashine, lenye kichwa cha mpira cha kuchomoa kwa vidole. Likiwa limefungwa, kana inageuza vyote viwili, na chombo kinazunguka karibu mahali kilipo. Lakini lazima lichomolewe kabla ya kuinua mashine. Akisahau, fito au breketi itapinda. Nimeliandika kwa wino mwekundu juu ya kifuniko cha sanduku la nyuma.

Aliuliza pia kuhusu mashine za umeme, maana ameona za Torqeedo ya Ujerumani ambazo kontroli yake inaunganishwa kwa waya mmoja tu, hakuna gia, hakuna kebo ya kukaza. Nilimwambia ukweli ninaoujua: kwa mtu anayeshinda ndani ya ghuba ya Kilifi, atoke kwenye boya, atweke tanga, arudi, zinafaa sana, na kontroli yake ni raha kufunga. Zile ndogo, betri yake ni kama kilowati-saa moja. Ukiifungulia nguvu zote haikai saa nzima. Kwa mkondo wa Wasini, au kukwepa meli mbele ya Kilindini upepo ukiwa umekufa, ningependa tangi la petroli. Alifikiri, akasema safari za Lamu bado anazitaka. Basi petroli.

Nimemwachia kebo mbili za akiba za futi 10 chini ya kitanda cha omo, spana zake zikiwa zimefungwa pamoja nazo. Grisi ni ya kwenye ncha tu, kila mwezi. Kamba nyekundu ivutwe kila asubuhi kabla ya kutoka, mashine ikiwa imewaka. Amesema kesho anaanza mazoezi ya kuingia boyani, na mjomba amekubali kubaki hadi Jumapili amfundishe maji yakiwa yamesimama kwanza, kisha yakiwa yanapwa.